Doa Hili la Nani

Kisasi cha dobi kilianzia kwenye simu ya kaka yake, mchana kweupe, juu ya meza ya kupigia pasi. Kaka alikuja kuchukua mashuka ya nyumba za wageni ayapeleke kwa gari, na kama kawaida yake hakuwa na haraka ya kuondoka mahali penye chai. "Hebu msikilize wifi yako," akasema, akaiegemeza simu kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia. "Amehojiwa."

Wifi mwenyewe, yaani mke wa kaka, alikuwa kwenye kioo amevaa kanzu nyeupe, nywele zimebanwa nyuma, na chini yake limeandikwa jina lake jipya: Mama Utulivu. Mtangazaji alimuuliza ule wimbo uliompa jina, ule ambao sasa unaimbwa na kila kikundi cha yoga, ulitoka wapi. Wifi akafumba macho kidogo kabla ya kujibu. "Sikuutunga," akasema. "Uliniteremkia. Alfajiri moja nilikuwa nimekaa kimya kabisa, wimbo ukaniteremkia mzima mzima."

Dobi akaisimamisha pasi. "Umeteremka kutoka wapi?"

"Ndivyo wanavyosema watu wa mambo hayo," kaka akajibu.

"Mimi nakuuliza umeteremka kutoka wapi, maana mimi niliutoa humu." Akajigonga kifua kwa ngumi.

Kaka akakumbuka ghafla kwamba anasubiriwa mahali, akabeba mafurushi yake. Mwanamume yule tangu utotoni akinusa ugomvi hujikausha kama hayupo, na ndiyo maana ameweza kuishi na dada kama huyu na mke kama yule bila kupata hata mkwaruzo.

Na wimbo kweli ulitoka mle dukani kwa dobi, enzi wifi akifanya kazi humo, hilo halina ubishi. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Dobi alishika ncha mbili, wifi akashika mbili za upande wa pili, na wasipokwenda pamoja shuka linapinda, pasi inapigwa upya, na siku inaharibika. Ndipo dobi akatunga wimbo wa kuongoza mikono. Yeye aliita, wifi alijibu. "Shuka hili la nani?" "La mgeni mkoroma." Hapo walivuta. "Doa hili la nani?" "Si la kwangu, la jirani." Hapo walikunja kwa urefu. Kisha dobi aliimba, "Basi lilete tulifue," na wifi alitembea na ncha zake mpaka zikakutana na za dobi, vidole kwa vidole, shuka likaisha, likaja jingine. Walicheka sana mle ndani. Mashine ya kukamulia ilitikisa ukuta kutwa nzima, hivyo walilazimika kuimba kwa kupaza sauti. Kimya kabisa hakijawahi kukanyaga duka lile.

Halafu wakaja wateja wa yoga na vitambaa vyao vyeupe. Wifi akawapelekea mzigo, akakaa kuwatazama, akarudi tena, akaanza kuimba nao. Mchana mmoja walikuwa katikati ya shuka, "doa hili la nani" imeshaimbwa na kujibiwa, gari likapiga honi nje. Wifi akaziweka ncha zake chini. Shuka safi, lililotoka kwenye pasi, sakafuni. "Wifi, narudi sasa hivi," akasema. Hiyo sasa hivi ilikuwa na umri wa miaka miwili. Siku za mwanzo dobi alijaribu kukunja kwa kidevu na magoti, mwisho akapigilia misumari miwili ukutani, akawa anatundika upande wa wifi kwenye misumari. Aliendelea kuimba kwa mazoea, na misumari haikujibu.

Kwa hiyo aliposikia neno lile, uliniteremkia, damu ilimchemka mpaka masikio yakaziba. Hakutaka chochote kingine duniani ila hiki: wifi yake asimame mbele ya watu wake hao hao, na kanzu yake hiyo hiyo, aseme kwa mdomo wake kwamba wimbo haukuteremka, una mwenyewe, na mwenyewe ni dobi. Asiposema kwa hiari ataumbuliwa. Aliuliza hapa na pale, akaambiwa kuna tamasha la yoga na nyimbo za ibada, Mama Utulivu ndiye wa kufunga, na mwishoni kuna kitu wanakiita mpokezano: kipaza sauti hupitishwa kwa watu, yeyote anaimba mstari, hema zima linaurudisha. Dobi akarudia moyoni, yeyote, akafunga duka.

Tamasha lilikuwa kwenye uwanja wa michezo wa shule, chini ya hema kubwa jeupe ambalo dobi alilitazama mara moja tu akajua waliolifua walikuwa wavivu. Mlangoni watu walivua viatu na kukumbatiwa. Dobi alikumbatiwa mara mbili kabla hajapata pa kukaa, akavumilia kama mtu anayepimwa presha. Mkeka wake uliangukia jirani na karani wa benki, mtu mzima mwenye miwani na maelezo ya kila kitu.

"Mara yako ya kwanza?" karani akauliza. "Jiandae. Utalia. Wote hulia."

"Mimi sikuja kulia," dobi akamjibu. "Nimekuja kuliza."

Karani akacheka kwa raha, akidhani ni utani.

Mwalimu wa pumzi alikuwa mwanamke mwembamba aliyesema na watu kama anayeongea na wagonjwa. "Vuta ndani," alisema. "Polepole. Sasa toa, na kwenye kutoa, achia chochote ulichokishika." Kuvuta dobi alikujua, amevuta maisha yake yote. Kwenye kuachia ndipo alipogoma. Mwalimu alipita katikati ya mikeka, akasimama juu yake, akasema kwa upole, "Mama, umekaza taya."

"Nina kazi nalo baadaye," dobi akasema.

Ubaya wa mambo yale ni kwamba yanafanya kazi. Wakanyooshwa, wakapindwa, wakainamishwa, na kufikia saa sita dobi alijikuta mabega yameshuka, pumzi inakwenda mpaka tumboni, na yeye mwenyewe amemtabasamia mtu aliyemwekea unyayo karibu na pua. Akashtuka. Hasira aliyoitunza wiki nzima ilikuwa inavuja, na aliihitaji ifike jioni ikiwa moto. Akatoka haraka, akaenda nyuma ya hema kwenye matangi ya maji, akasimama peke yake akaipuliza upya. Alilikumbuka shuka sakafuni. Akakumbuka honi. Akajiambia kwa sauti ya wifi, akifumba macho vile vile, "uliniteremkia, uliniteremkia," mpaka moyo ukaanza kumdunda vizuri. Kisha akarudi kwenye mkeka akiwa na afya.

Alasiri wakalazwa chali, mikono pembeni, katika mkao wanaouita pozi la maiti. Dobi aliapa kwamba yeye maiti hawi. Kilichofuata ni karani kumgusa bega na kumnong'oneza kwamba amekoroma.

"Umeachia," karani akasema, macho yamejaa furaha.

"Nimelala. Kuachia ni kwingine." Lakini alikuwa na hofu ya kweli sasa. Ikabidi arudi tena kwenye matangi, na safari hii ilimchukua muda mrefu kupata hata cheche.

Hakuhitaji kuhangaika, kwa sababu wifi mwenyewe alipanda jukwaani jua likiwa bado juu, akaketi nyuma ya kinanda chake kidogo, na hema likapumua kwa upendo. Amenenepa kidogo, imempendeza. Akaanza kuimba. Alikuwa ameupunguza mwendo, akaufanya wa taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na juu yake akapachika maneno ya lugha ya kale ambayo hakuna hata mmoja mle ndani aliyeyaelewa. Hawakuhitaji. Yeye alitoa mstari, wao wakaurudisha kama ulivyo, macho yamefungwa, mikono juu ya vifua. Dobi alijua kila pindo la ile sauti: pale wanavuta, pale wanakunja. Na ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba hata ukiwa umeibwa ulikuwa mzuri, pengine kuliko ulipokuwa dukani. Hasira ikarudi yote yenyewe na hakuhitaji matangi tena.

Kisha kipaza sauti kikaanza kutembea. Mama mmoja aliimba, hema likamrudishia. Kijana mmoja. Karani akakipokea kwa mikono miwili, akaimba kwa sauti ambayo ingefaa kubaki benki, akarudishiwa kwa heshima zote, akakipitisha kwa jirani yake.

Dobi akasimama. Jukwaani wifi alimwona, na vidole vyake vikaganda juu ya kinanda.

"Shuka hili la nani?" dobi akaimba, kwa sauti ya dukani, sauti ya kuishinda mashine.

Alikuwa ameshaona mbele yake jinsi itakavyokuwa: watu watafumbua macho, watatazamana, mmoja atacheka, kisha wote, na kuanzia siku ile hakuna atakayeuimba tena wimbo ule bila kufikiria mashuka ya wageni. Hema likavuta pumzi.

"Shuka hili la nani?" watu wakaimba, kwa unyenyekevu mkubwa.

Hakuna aliyecheka. Mpiga ngoma alishika mwendo mpya, akaupenda. Karani alikuwa amefumba macho huku akitikisa kichwa. "Shuka ni mwili," akanong'ona. "Mwili ni wa nani."

"Shuka ni shuka," dobi akamkemea, akasahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni.

"Shuka ni shuka," hema likaimba.

Sasa akachanganyikiwa kwa hasira. Akaacha mafumbo yote, akaamua kuwapasha. "Wimbo huu ni wa dobi," akaimba, wakaimba wimbo huu ni wa dobi. "Wifi yangu ni mwizi," akaimba, na watu, wamechangamka, wengine wamesimama wanapiga makofi, wakaimba kwamba wifi yao ni mwizi. Karani alikuwa analia kweli kweli. "Wifi ni nafsi," alimweleza mtu wa upande wa pili. "Nafsi ndiyo inayotuibia utulivu." Dobi aliwatazama akatamani kuwakamua mmoja mmoja. Amekuja na sumu yake tangu asubuhi, ameilinda isipoe, na hawa wameinywa kama uji na wanaomba nyingine.

Mdomo mmoja tu haukurudisha kitu. Wifi alikuwa amekaa pale pale, kichwa kimeinama upande, anamsikiliza, na maneno yote yaliyowapita wengine yalikuwa yanamfikia yeye.

Dobi pumzi ilikuwa imemwishia. Hakuwa na tusi jingine linalokwenda na mwendo wa ngoma. Akarudi kwenye kile alichokijua, na hakukipaza tena, alikitoa kama anavyokitoa kila siku akitazama misumari. "Doa hili la nani?"

"Doa hili la nani?" watu wakarudisha. Lakini dukani mstari ule haukuwa wa kurudishwa, ulikuwa wa kujibiwa, na dobi akajikuta anasubiri bila kukusudia.

Wifi akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti chake. "Si la..." akaanza, kwa mazoea, kisha akanyamaza. Mpiga ngoma akaendelea kupiga chini chini. Wifi akaanza upya.

"Ni la kwangu, wifi."

"Ni la kwangu, wifi," hema likaimba.

Neno wifi ndivyo lilivyo, unamwita mtu hivyo naye anakuita hivyo hivyo, halina mkubwa wala mdogo. Umati mzima ulikuwa unamwita dobi wifi na kukiri doa. Lakini mwimbaji wao hakuwa amemaliza. "Haukuniteremkia," akaimba, machozi yanamtoka na hayafuti. Watu wakaimba kwamba haukuwateremkia. "Niliuchukua kwa huyu." Wakaimba kwamba waliuchukua kwa huyu, na mkono wa wifi ulikuwa unamwonyesha dobi, basi mikono mingi ikafuata, kwa sababu ndivyo walivyozoea, kufuata.

Dobi alipata alichokitaka, na zaidi ya alivyokitaka. Walimu wa mahali pale walikuwa wamesema tangu asubuhi kwamba kisasi ni mzigo, hakimfurahishi anayekibeba. Dobi angewaambia sivyo. Kilikuwa kitamu. Kilimshuka kooni kama maji ya mtungi siku ya jua, akakinywa chote, amesimama pale peku huku watu wazima wakimwonyesha vidole na kukiri.

Ndipo akaona wifi amesimama. Mikono yake ilikuwa mbele, imepanuka, vidole gumba na vya shahada vimebana hewa. Ameshika ncha zake. Anasubiri mstari unaofuata ili aje.

Dobi aliujua mstari, basi lilete tulifue. Ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, na hema lote lilikuwa tayari kuurudisha, lingeurudisha likilia, na kila mtu angerudi nyumbani akiwa mwepesi. Akafunga mdomo. Akamtazama wifi yake akiwa ameshika hewa mbele ya watu wake, akamwacha aishike. Kisha akampa karani kipaza sauti, akapita katikati ya mikeka, akatoka.

Alikuwa anatafuta viatu vyake kwenye lundo la viatu aliposikia kanzu inaburuta majani nyuma yake.

"Wifi. Hujaumaliza."

"Najua."

"Wanarudia doa tu kule ndani. Hawajui kinachofuata."

"Wewe ulikuwa unakijua. Ungewafundisha."

Wifi alikuwa anahema. Kwa ukaribu huo alikuwa na harufu ya udi, siyo ya sabuni. "Nimesema mbele ya watu wote. Nimejivua nguo hadharani. Unataka nini tena?"

Lilikuwa swali la haki. Asubuhi ile dobi angelijibu kabla halijaisha. Sasa alisimama na kiatu kimoja mkononi, akajipekua, akakuta wimbo umerudi kwake, hakuna anayeubisha, na hasira iko pale pale, haijapungua hata chembe. Akaelewa kwa uchungu kwamba kumbe haikuwa ya wimbo.

"Uliliweka shuka sakafuni," akasema.

"Nini?"

"Siku ile. Shuka safi. Umeliweka chini, umesema unarudi sasa hivi." Sauti ikamkatika, akaichukia kwa kukatika. "Mimi nikaendelea kushika upande wangu. Nilishika mpaka mikono ikafa ganzi, naogopa nikiliachia litachafuka lote, na wewe uko njiani unarudi. Wimbo ungeuomba ningekupa, wifi. Ningekupa na mwingine. Ungeniambia tu kwamba unaondoka."

"Nisamehe," wifi akasema.

"Hapa sisamehi mtu. Hapa kila mmoja anasamehe, ndiyo kazi yao." Dobi akaingiza mguu kwenye kiatu. "Kesho asubuhi nafungua duka. Mstari uliobaki unaimbwa mezani, shuka likiwa mkononi. Ukija njoo na mikono, hiyo kanzu iache."

"Kesho nina kipindi cha asubuhi na hawa."

"Najua."

"Na nisipokuja?"

Dobi akasikiliza. Ndani ya hema ngoma ilikuwa imekolea. Upande mmoja uliuliza doa hili la nani, upande wa pili ukajibu ni la kwangu wifi, wanapokezana wenyewe sasa, bila mwimbaji, hawana hamu ya kuacha. Kesho watu hao watakuwa wametawanyika kila mmoja kwenye kikundi chake, na kila kikundi kitataka kufundishwa wimbo ule mpya.

"Usipokuja doa litabaki lako," akasema, "na hao wameshalishika."

Akavaa kiatu cha pili na kuelekea getini bila kugeuka. Safari hii aliyeondoka ni yeye, na aliyeachwa amesimama mikono mitupu ni wifi.